Mbuzi katika Nchi ya Samli

Singida ni uwanda wa juu, ulioinuka kadiri ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, wenye majabali makubwa yaliyorundikana kila upande, maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singida na Kindai, kando ya mji wake mkuu, na mvua ya msimu mmoja tu, ambayo huanza Novemba au Desemba, hukoma Aprili au Mei, na kuwaachia wenyeji miezi mingi ya ukavu. Katika nchi hiyo Wanyaturu, Wanyiramba, Wanyisanzu na Wataturu, pamoja na Wagogo walioko upande wa Manyoni, wamefuga mbuzi tangu zama ambazo hapana mzee awezaye kuzihesabu. Mbuzi ametolewa mahari, amechinjiwa mgeni, amefanywa sadaka, ameuzwa siku ya njaa ili nafaka ipatikane, na maziwa yake yamekuza watoto wasio na idadi. Pamoja na hayo yote, jibini ya maziwa ya mbuzi, ambayo mataifa mengi yenye mawe na ukame mfano wa Singida yameifanya kuwa chakula chao cha sifa, haikupata kuwa desturi ya mahali pale.

Wako watu ambao, wakiisikia habari hii, huihesabu mara moja kuwa ni dalili ya upungufu wa maarifa, kana kwamba kila taifa lisilokuwa na jibini limelala usingizi hata aje mgeni kuliamsha. Rai hiyo ni batili. Watu wa Singida walikuwa na elimu ya maziwa iliyotosheleza haja zao zote. Elimu hiyo iliwapa samli, na samli ikawapa soko lililofika mpaka pwani. Na ni samli hiyo hiyo, kwa tabia yake na kwa thamani yake, iliyomweka mbuzi kando ya historia ya maziwa kwa muda mrefu.

Ukongwe wa elimu hiyo umethibitika. Katika wilaya ya Babati, iliyoko kaskazini-mashariki ya Singida, pana mahali paitwapo Luxmanda, ambapo wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua mabaki ya makazi ya wafugaji walioishi yapata miaka 3,000 iliyopita, wakiwa na ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda. Mwaka 2020 ulitangazwa uchunguzi wa vigae vya vyungu kutoka makazi kadhaa ya namna hiyo katika Kenya na Tanzania, Luxmanda ikiwa miongoni mwake, na mafuta yaliyokuwa yamenywewa na udongo wa vyungu hivyo yakatoa ushahidi wa nyama, wa mimea na wa maziwa. Ushahidi wa maziwa ulikuwa mdogo kuliko wa nyama, na mimi sioni ajabu hapo, kwa maana chungu hubaki ardhini maelfu ya miaka ilhali kibuyu huoza kisiache hata harufu. Na katika nchi hizi chombo cha maziwa, tangu hapo tulipoanza kuwa na habari za uhakika, ni kibuyu.

Inafaa kukisimulia chombo hicho kwa utuvu, kwa sababu ndicho kilichokuwa kiwanda. Kibuyu hulimwa shambani pamoja na maboga, huachwa kikauke mpaka kokwa zake zilie ndani, hukatwa mdomo, hukwanguliwa na kuoshwa mara nyingi hata uchungu wake utoke. Kisha, kabla ya kutiwa maziwa, wafugaji wa kati na wa kaskazini hukitia kaa la moto la mti uliochaguliwa kwa harufu yake, wakakitikisa mpaka moshi ukafika kila pembe, wakamwaga majivu na kupangusa. Mtazamaji asiyejua hudhani kwamba hayo ni mapambo ya ladha tu. Ladha imo, wala si ndogo, lakini pia joto na moshi huua vijidudu viharibuvyo maziwa, na huviachia nafasi vile vichachushavyo, ambavyo hubaki katika nyufa za kibuyu kutoka maziwa ya jana na kuyagandisha ya leo. Hivyo mama wa nyumba alikuwa na chachu yake mwenyewe, isiyonunuliwa popote, ambayo aliirithisha pamoja na chombo.

Maziwa yaliyoganda namna hiyo yalinywewa yenyewe, au yalikuwa kitoweo cha ugali wa uwele au wa mtama, ambao ndio uti wa mgongo wa chakula cha uwanda ule. Yalipokuwa mengi, wakati wa mvua, kibuyu kilipakatwa magotini na kusukwa, mbele na nyuma, kwa mwendo mmoja usiokatika, hata siagi ikajikusanya juu. Maziwa yaliyobaki chini yakanywewa siku hiyo, na siagi ikawekwa pamoja na ya siku zilizotangulia mpaka ikafika kiasi cha kustahili moto. Hapo iliyeyushwa chunguni kwa moto mdogo, maji yake yakatoka kwa mvuke, masimbi yakazama, na kilichobaki juu, chenye weupe wa manjano, ndicho samli. Mafuta yasiyokuwa na maji hayakaliwi na vijidudu, na kwa ajili hiyo samli iliyochemshwa vizuri huweza kukaa miezi mingi katika joto bila kuvunda. Basi tazama hekima iliyomo: maziwa ya Februari, ambayo yangeharibika kwa siku tatu, yaliliwa Septemba, ng'ombe wakiwa wamekonda na kiwele kimekauka. Swali ambalo Mfaransa au Mtaliano wa milimani alilijibu kwa jibini, Mnyaturu alilijibu kwa samli. Na katika nchi yenye jua kama lake, isiyo na mapango ya baridi wala vyumba vya chini ya ardhi, jibu la Mnyaturu ndilo lililokuwa na usalama zaidi.

Ama mbuzi, yeye hakuumbwa kwa ajili ya kibuyu cha kusukia. Chembe za mafuta katika maziwa yake ni ndogo kuliko za maziwa ya ng'ombe, tena hazishikamani upesi, na hivyo malai ya mbuzi huchelewa mno kupanda juu, na anayeyasuka hupata siagi haba kwa jasho jingi. Sifa hiyo hiyo iliyoyafanya maziwa ya mbuzi kuwa mepesi tumboni mwa mtoto, na kuwa mema kwa jibini laini, iliyaharibia heshima mbele ya mtengenezaji wa samli. Isitoshe, mbuzi mdogo wa asili wa Afrika Mashariki, ambaye fahari yake ni kustahimili kiu na maradhi, hutoa maziwa machache, aghalabu theluthi ya lita kwa siku, au nusu lita kwa yule aliye hodari, na hayo baada ya mwanambuzi kunyonya, kwa miezi mitatu hivi. Mwenye majike kumi wanaokamwa angepata lita tatu au nne. Na maadamu kilo moja ya jibini ngumu huhitaji lita kumi, huyo angengoja siku tatu kwa kilo moja, ilhali nyumbani mwake mna watoto wanaolia. Hapana mzazi mwenye akili ambaye angefanya biashara hiyo. Maziwa ya mbuzi yakabaki kuwa maziwa ya mtoto, ya mgonjwa na ya mchungaji aliye malishoni, yakakamwa katika kikombe na kunywewa papo hapo, wala hayakuingia katika hesabu ya mali.

Mbuzi mwenyewe, lakini, alikuwamo katika hesabu ya mali, na pengine hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi. Harold Schneider, Mmarekani aliyekaa na Wanyaturu mwaka 1959 na 1960 na kutoa kitabu chake juu yao mwaka 1970, aliwaeleza kuwa ni watu wa hesabu kali katika mifugo, waliojua wakati wa kugeuza nafaka kuwa mbuzi, mbuzi kuwa ng'ombe, na ng'ombe kuwa mke, mbolea na watoto. Wako waliomlaumu kwamba alimwona kila Mnyaturu kuwa mfanyabiashara, na lawama hiyo ina sehemu yake ya haki. Hata hivyo, aliyekaa katika nchi ile hawezi kukana kwamba mbuzi alikuwa akiba iliyo rahisi kuvunjwa, na ng'ombe hakuuzwa kwa shida ndogo maadamu mbuzi yupo. Na kuna msiba mmoja uliompandisha mbuzi daraja. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki na kufyeka ng'ombe kwa idadi ambayo nyumba nyingi hazikupata kuiona tena kwa kizazi kizima. Mbuzi, ambao ugonjwa ule haukuwaangamiza kwa kiasi hicho, wakawa mbegu ambayo kwayo mali ilianzishwa upya. Mnyama aliye mbegu hakamwi mpaka tone la mwisho. Mwanambuzi huachiwa titi lake ashibe, kwa kuwa thamani yake akikua hupita ya maziwa yote ambayo mama yake angetoa.

Samli nayo ilikwenda safari ndefu kuliko wenyeji wa uwandani walivyodhani. Miji ya pwani na ya Unguja ilikuwa na njaa ya samli isiyokwisha: bila samli hapana pilau ya arusi, hapana halua, hapana maandazi ya Idi yaliyo na haki ya jina hilo. Sehemu ya samli hiyo ilitoka nchi za ng'ambo ya bahari, lakini bara nalo lilileta yake, na baada ya reli ya kati kufika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikipita Manyoni na Itigi, mzigo uliokuwa ukienda kwa mabega ulipata gari. Wafanyabiashara Wahindi na Waarabu waliofungua maduka katika Singida, Manyoni na Iramba walinunua samli kwa kibuyu na kwa chupa, wakaikusanya katika madebe yaliyokuwa na mafuta ya taa, wakaziba vifuniko kwa risasi na kuyapeleka reli. Debe la samli likawa kipimo cha utajiri wa nyumba, na kwa wengi ndilo lililolipa kodi ya kichwa.

Wakati wa serikali ya Waingereza, na hasa katika miaka ya 1930, Idara ya Mifugo, iliyokuwa na makao yake Mpwapwa, ilijitia katika kazi hii. Maofisa wake waliona kwamba samli ya kienyeji huja sokoni ikiwa na takataka, na mara nyingine na mafuta ya kigeni yaliyochanganywa na walanguzi. Wakahimiza vituo vya kukusanyia maziwa, wakaleta mashine za mkono za kutenganishia malai, na wakafundisha uchemshaji ulio safi. Nia haikuwa mbaya, na samli ya vituo ilisifiwa kwa usafi. Lakini nasema bila kusita kwamba hapo ndipo haki moja ya zamani ilipotikisika. Katika jamii nyingi za wafugaji wa Afrika Mashariki ng'ombe ni wa mwanamume, na maziwa ni ya mwanamke: yeye ndiye akamaye au asimamiaye ukamaji, yeye ndiye agawaye, na siagi iliyomo kibuyuni ni yake kuiuza akitaka. Maziwa yalipochukuliwa asubuhi hadi kituoni, na fedha ikapokewa mwisho wa mwezi na yule ambaye jina lake limeandikwa daftarini, mwanamke alibaki na kibuyu kitupu. Na watoto wake, ambao maziwa ya chini ya siagi yalikuwa riziki yao ya kila siku, walibaki wakiitazama barabara.

Dhahabu ya Sekenke, katika Iramba, ambayo Wajerumani walianza kuichimba mwaka 1909 na ambayo iligongwa sarafu katika Tabora mwaka 1916 wakati wa vita, imeandikwa katika vitabu vingi, na wakusanyaji wa sarafu huko Ulaya wanaijua. Samli ya nchi hiyo hiyo, iliyotoka mikononi mwa wanawake maelfu kwa miongo mingi, haijapata mwandishi wake, na hilo ni deni letu.

Jibini ilikuwako Tanganyika wakati huo, lakini ilikaa mbali na Singida na mbali na mbuzi. Katika milima ya Usambara, pale Kwai, Wajerumani walianzisha shamba la majaribio mwaka 1896, na humo maziwa ya ng'ombe yakafanywa siagi na jibini kwa ajili ya meza za wazungu wa Tanga na Dar es Salaam; nyumba za watawa wa Kibenediktini kusini, Peramiho na Ndanda, zilikuja na mazoea ya monasteri za kwao; na mpaka leo shamba la Irente, karibu na Lushoto, chini ya Kanisa la Kilutheri, hutengeneza jibini ambayo wasafiri huinunua pamoja na mkate. Huko Usambara pana baridi, maji na nyasi mwaka mzima. Wamisionari Walutheri walioingia Iramba kabla ya vita vya kwanza, na Wakatoliki waliojenga Makiungu katika nchi ya Wanyaturu, walifika penye ukavu, wakakuta samli, nao wakaila kama wenyeji. Waarabu wenye maduka, ambao baadhi yao walitoka katika nchi zinazojua jibini ya mbuzi, nao hawakuitengeneza, kwa kuwa mfanyabiashara hafuati kumbukumbu za kwao bali hufuata bei.

Ikaja zamu ya mbuzi kushtakiwa. Maofisa wa kilimo wa miaka ya 1930 mpaka ya 1950 walimwona kuwa ndiye adui wa udongo, mla magome na mng'oa mizizi, na fikira hiyo ikarithiwa na serikali huru. Katika Kondoa, mpakani na Singida, ambako makorongo yalikuwa yamekula vilima vizima, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika sehemu zilizoharibika, ng'ombe, mbuzi na kondoo bila ubaguzi. Nyasi zilirudi, na hilo ni kweli isiyopingika. Walakini watu walibaki miaka kumi hivi bila maziwa, hata ng'ombe wa maziwa wa kulishwa zizini waliporuhusiwa. Mimi naona kwamba mbuzi alihukumiwa kwa kosa la wingi wake na uhuru wake, wala si kwa kosa la maumbile yake. Na jambo hilo lilidhihirika pale alipofungiwa bandani na kukatiwa majani.

Wataalamu wetu walikuwa wamekwisha kuanza kumtazama kwa jicho jingine. Katika kituo cha Malya, upande wa Mwanza, tangu miaka ya 1960, walichanganya damu za mbuzi wa Kamorai kutoka Bara Hindi, Boer kutoka kusini mwa Afrika na wa asili wa hapa, kwa kadiri ya 55, 30 na 15 katika kila mia, wakapata mbuzi wa nyama na maziwa ambaye alipewa jina la kituo hicho. Katika miaka ya 1980 waliletwa mbuzi wa maziwa kutoka Norway kwa wataalamu wa kilimo wa Morogoro, katika chuo ambacho tangu 1984 huitwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na kutoka hapo wakapandishwa Mgeta, katika milima ya Uluguru, ambako wakulima wenye vijishamba vya mteremkoni, wasioweza kufuga ng'ombe, waliwapokea kwa furaha iliyodumu mpaka leo. Katika miaka ya 1990 mbuzi wa Toggenburg, ambao asili yao ni Uswisi, walifika Babati. Na mwaka 2011 ukaanza mradi uliosaidiwa na Kanada, ambao uliwagawia mbuzi wa maziwa na mbegu za muhogo na viazi vitamu wakulima wa Mvomero na wa Kongwa. Kongwa ndiyo inayotuhusu zaidi, kwa kuwa ukavu wake, uwele wake na mtama wake ni ndugu wa Singida. Na mbuzi chotara aliyeishi Kongwa, akitoa lita moja au zaidi kwa siku badala ya theluthi, ameibatilisha ile hesabu ya zamani iliyomfungia mlango.

Wakati huo huo samli ilikuwa imeondoka kwenye kiti chake. Vijiji ambavyo serikali iliwahamishia watu katika miaka ya 1973 hadi 1976 vilikusanya nyumba pamoja na kuwatenga watu na mashamba yao ya zamani yaliyorutubishwa kwa samadi. Viwanda vya maziwa vya shirika la umma, Tanzania Dairies Limited, vilijengwa Dar es Salaam, Arusha, Tanga, Mbeya, Tabora, Musoma na Utegi, na Singida haikupata hata kimoja. Na juu ya yote ikaja alizeti. Leo ukipita barabara ya Singida mwezi wa Aprili utaona manjano pande zote mbili hadi macho yachoke, na kando ya njia madumu ya mafuta yaliyokamuliwa kijijini yamepangwa yakingoja magari ya Dar es Salaam. Alizeti imeirithi kazi ya samli jikoni na sokoni. Lakini imeacha nyuma yake kitu ambacho mfugaji wa mbuzi wa maziwa hakuwa nacho zamani: mashudu, chakula chenye nguvu, kinachopatikana mlangoni pa kila kinu, tena katika miezi ile ile ambayo majani yamekufa.

Mwenye shamba dogo anayetaka kutengeneza jibini hana haja ya mitambo. Mbuzi hukamwa mahali pasafi, mbali na beberu, ambaye harufu yake huyaingia maziwa upesi. Maziwa huchujwa, hupashwa moto mpaka nyuzi 63 za Selsiasi na kushikwa hapo nusu saa, kwa sababu mbuzi huweza kuambukiza watu homa ya kutupa mimba na maradhi mengine. Kisha hupoozwa mpaka nyuzi 22 au karibu yake. Hutiwa kijiko cha mtindi mzuri na matone machache ya kigandishio, hufunikwa, na huachwa usiku kucha. Asubuhi mgando huwa umejitenga na maji yake, umeng'aa na kulainika. Hutekwa kwa upawa taratibu bila kuvunjwavunjwa, hutiwa katika kitambaa cha melimeli na kutundikwa siku moja, na maji yatokayo hupewa nguruwe au kuku, au huchanganywa katika uji. Kilichobaki kitambaani hutiwa chumvi kidogo, huumbwa, na tayari ni jibini. Lita tano mpaka saba hutoa kilo moja ya namna hiyo laini.

Kigandishio kina mjadala wake, na si mjadala wa kudharauliwa katika mkoa wenye Waislamu wengi. Kile cha asili hutolewa katika tumbo la mwanambuzi anyonyaye, na muumini ana haki ya kuuliza kama mnyama huyo alichinjwa kwa jina la Mungu. Lakini sasa viko vitokanavyo na kuvu, na hata bila hicho maziwa huweza kugandishwa kwa maji ya ndimu. Wafulani wa Benin huigandisha jibini yao, waiitayo wagashi, kwa utomvu wa mmea wa porini, na soko lao ni kubwa.

Shida iliyo ngumu zaidi ni ya majira. Usiku wa Juni na Julai katika Singida una baridi ya kumfanya mtu atafute blanketi, na baridi hiyo ndiyo rafiki wa jibini. Lakini ni wakati ambao mbuzi wa malishoni amekwisha kukauka. Maziwa huwa mengi Februari na Machi, siku za joto na nzi. Kati ya mambo hayo mawili liko dirisha jembamba, Aprili na Mei, ambapo majani yangali mabichi na usiku umeanza kupoa. Mwenye mashudu ya alizeti, mabua ya mtama yaliyohifadhiwa na majani ya miti ya malisho huweza kulipanua dirisha hilo mpaka Agosti, kwa kupanga wakati wa kumpandisha jike ili azae Aprili badala ya Desemba. Hiyo ni kazi ya kalamu na daftari zaidi kuliko ya mikono. Na juu yake iko hofu ya sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo ilithibitishwa nchini Tanzania mwaka 2008, miaka mitatu kabla ya ulimwengu kutangaza kwamba ile sotoka ya ng'ombe imekwisha duniani. Asiyechanja zizi lake hana haja ya kununua kitambaa cha melimeli.

Soko liko karibu kuliko lilivyokuwa kwa debe la samli. Tangu serikali ihamie Dodoma, kuanzia mwaka 2016, hoteli na nyumba za wageni zimeongezeka huko, na kutoka Singida ni mwendo wa saa chache kwa lami. Lakini jibini laini huharibika katika basi la mchana, na umeme wa vijijini si wa kutegemewa kwa jokofu lenye mali ya mtu. Kwa hiyo mimi siwashauri watu wa Singida waige ile jibini nyeupe ya Ufaransa, iliyozaliwa katika mabonde yenye ukungu. Katika nchi ya Yemen, kandokando ya mji wa Taiz, katika milima mikavu, maziwa ya mbuzi na kondoo hufanywa vibonge vidogo vilivyokazwa na kukaushwa kwa moshi, navyo huuzwa sokoni bila barafu, wenyeji wakavikaanga na kuvila kwa mkate. Jibini ya namna hiyo inataka chumvi, kamba ya kutundikia na moto wa kuni zenye harufu njema. Na uchaguzi wa kuni hizo, mti upi huleta utamu, upi huleta uchungu, upi hufaa mvuani na upi kiangazi, ni elimu ambayo bibi wa Kinyaturu aliyefukiza vibuyu maisha yake yote anaweza kuifundisha kesho asubuhi. Vikundi vya akina mama ndivyo vingepaswa kuanza, na daftari la mauzo likaandikwa kwa majina yao.